Picha Aliyoitoa na Picha Aliyoibiwa

Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Methali hii twaitumia sana katika mashauri na magomvi, lakini mimi naona yafaa pia katika habari za wasanii, na hasa waimbaji wanawake, ambao umma huwashangilia usiku na kuwasengenya asubuhi. Iliyonikumbusha methali hii ni kazi moja kubwa ya picha na maelezo iitwayo Callas: The Art and the Life, iliyoandikwa na John Ardoin na Gerald Fitzgerald na kutolewa New York mwaka 1974. Kitabu hicho chamhusu Maria Callas, mwimbaji wa opera anayehesabiwa miongoni mwa wakubwa kabisa wa karne ya 20.

Bila shaka wapo wasomaji watakaouliza: sisi watu wa pwani, tena Waislamu, tuna haja gani na mwanamke wa Kigiriki aliyeimba Kitaliano katika majumba ya Wazungu? Swali hilo ni la haki, na sitaki kulikwepa. Sikusudii kutoa fatwa juu ya nyimbo na ngoma. Hayo yana wenyewe, na masheikh wetu wamekwisha kuyajadili tangu zamani. Nataka kusema juu ya jambo jingine linalotuhusu sote: mtu aliyefanya kazi yake mbele ya macho ya watu, tumkumbuke vipi? Katika picha zake, zipi zihifadhiwe na zipi ziachwe?

Kwanza tufahamiane opera ni kitu gani. Ni mchezo wa kuigiza ambao maneno yake yote, au karibu yote, huimbwa, na huku okestra inapiga chini mbele ya jukwaa. Mwimbaji wetu wa taarabu huketi au husimama, na kazi yake yote imo katika sauti na maneno. Umm Kulthum, aliyefariki mwaka 1975, na ambaye wazee wetu walimsikiliza kwa redio kutoka Cairo, aliweza kuimba wimbo mmoja kwa saa nzima akiwa amesimama pale pale na leso yake mkononi, na watu wakalia. Mwimbaji wa opera hana nafasi hiyo. Hana budi awe malkia, au kuhani wa kike, au mgonjwa wa kifua kikuu anayekata roho. Apige magoti, akimbie, aanguke, na sauti yake ifike kiti cha nyuma kabisa bila ya kipaza sauti.

Maria Callas alizaliwa New York tarehe 2 Desemba 1923, wazazi wake wakiwa Wagiriki waliohamia Marekani. Mwaka 1937 mama yake alimrudisha Ugiriki pamoja na dada yake, na huko Athens akapata mwalimu, Elvira de Hidalgo, mwimbaji wa Kihispania. Yasemekana mwanafunzi huyo alikuwa wa kwanza kuingia darasani na wa mwisho kutoka, akiwasikiliza hata wenzake wenye sauti zisizofanana na yake, ili asipitwe na jambo. Alikuwa mnene, mwenye miwani mizito, na haya nyingi. Mwaka 1942, vita vikiwa vimepamba moto na Athens ikiwa chini ya utawala wa adui, aliimba Tosca. Mwezi wa Agosti 1947 alitokea Italia kwa mara ya kwanza, katika uwanja wa kale wa Verona.

Jambo lililowashangaza wajuzi lilitokea Venice mwezi wa Januari 1949. Callas alikuwa akiimba Die Walküre ya Wagner, opera inayotaka sauti nzito yenye nguvu. Mwimbaji mwingine aliyekuwa aimbe I puritani ya Bellini akaugua. Opera hiyo yataka sauti nyepesi yenye kupanda na kushuka upesi kama ndege. Callas, kwa msaada wa kiongozi wa okestra Tullio Serafin, alijifunza sehemu hiyo kwa siku chache tu akaiimba. Ni kama hamali wa bandarini abebaye magunia asubuhi, na alasiri yake akae kwenye duka la sonara atie nakshi katika kipuli. Tangu hapo milango ikafunguka. Tarehe 7 Desemba 1951 alifungua msimu wa La Scala, jumba la opera la Milan ambalo kila mwimbaji wa fani hii huliota.

Sasa nije kwenye picha, maana ndizo zilizonifanya nishike kalamu. Msomaji ataniambia: mwimbaji ni sauti, na sauti imo katika santuri, picha za nini? Kweli santuri zipo, tena nzuri. Tosca aliyoirekodi Milan mwaka 1953 chini ya Victor de Sabata ingali inahesabiwa kuwa moja ya santuri bora za opera zilizopata kutengenezwa. Lakini opera ni nusu sauti na nusu mwili. Na huo mwili wa Callas jukwaani karibu wote umekwenda na wakati. Hakuna opera hata moja ambayo filamu yake yajulikana ikimwonyesha toka mwanzo hadi mwisho. Kuna sehemu ya pili ya Tosca iliyochukuliwa Paris mwaka 1958, na sehemu hiyo hiyo tena iliyochukuliwa London mwaka 1964. Zipo pia filamu za maonyesho ambayo alisimama tu akaimba mbele ya okestra. Norma, La traviata, Anna Bolena, na Medea, kazi zilizompa jina, hazikuachwa katika filamu kamili. Zilizobaki ni picha zilizosimama. Kwa hiyo, ndugu msomaji, kitabu cha picha za Callas hakiwezi kuhesabiwa kuwa pambo la mezani. Ni ushahidi, na kwa kazi zake nyingi hakuna ushahidi mwingine wa macho.

Picha nyingi zinazojulikana za miaka yake ya Milan ni za Erio Piccagliani, mpiga picha wa La Scala. Tuchukue mfano wa La traviata iliyoonyeshwa hapo kwa mara ya kwanza tarehe 28 Mei 1955, mwongozaji wa mchezo akiwa Luchino Visconti na kiongozi wa okestra Carlo Maria Giulini. Ni hadithi ya Violetta, mwanamke wa starehe mjini Paris, apendaye kwa dhati mara moja katika maisha yake, kisha akaombwa na baba wa kijana amwache mwanawe ili heshima ya nyumba isichafuke. Anamwacha, na mwisho anakufa kwa kifua kikuu. Katika sehemu ya kwanza, wageni wakiisha kuondoka, Visconti alimfanya Callas avue viatu vyake na kuvirusha kando, kama afanyavyo mwanamke yeyote aliyechoka baada ya karamu. Leo ni jambo dogo. Wakati ule wapo waliokasirika, wakasema opera imevunjiwa heshima. Katika sehemu ya mwisho alikufa akiwa wima, kofia kichwani, amejiandaa kutoka nje, na macho yake yakabaki wazi yakiukodolea ukumbi.

Anayetazama picha za usiku kama huo anafahamu jambo ambalo santuri peke yake haimwambii. Mikono haikai ovyo. Mkono mmoja wa Violetta mgonjwa, jinsi unavyoshika kiti, wamwambia mtazamaji kwamba mwenye mkono hana nguvu za kusimama. Ukiweka picha ya Norma, kuhani mwenye hasira, kando ya picha ya Amina, msichana wa kijijini katika La sonnambula, utadhani ni wanawake wawili tofauti. Shingo si ile, mabega si yale, hata urefu waonekana umebadilika. Kumbe ni mtu mmoja aliyefanya kazi hadi ikafika kwenye vidole.

Na lipo jambo linaloongeza uzito wa picha hizi. Callas alikuwa haoni mbali. Jukwaani hakuvaa miwani, kwa hiyo hakumwona sawasawa kiongozi wa okestra ambaye waimbaji wengine humtegemea kwa kila mpigo. Ilimbidi ahifadhi muziki wote kichwani, sehemu yake na za wenzake, na kuyajua mapigo kwa kusikia tu. Yale macho makubwa yanayoonekana katika picha, yanayotazama kama yanaona hatari inayokuja, kwa hakika yalikuwa yakitazama ukungu. Aliyepata kumsikiliza hafidh asiyeona akisoma juzuu nzima bila ya kutetereka atafahamu ni bidii ya namna gani ninayoisema.

Hizo ndizo picha alizozitoa mwenyewe. Alijua zinapigwa, alikuwa kazini, na alizitolea jasho.

Lakini kulikuwa na picha za aina nyingine, na kwa bahati mbaya ndizo zilizouza magazeti. Kati ya 1953 na 1954 Callas alipungua zaidi ya kilo 30. Badala ya kuuliza sababu ya mwimbaji kutaka mwili unaoweza kuigiza msichana mgonjwa, watu walibuni hadithi za minyoo na dawa za siri. Tarehe 2 Januari 1958 aliimba Norma mjini Rome mbele ya Rais wa Italia, Giovanni Gronchi. Sauti ilimkatikia kwa maradhi, na baada ya sehemu ya kwanza hakuweza kuendelea. Hapakuwekwa mwimbaji wa akiba, na mchezo ukavunjika. Magazeti yakamwandama kana kwamba ameitukana nchi nzima. Alilishtaki jumba lile la opera, na baada ya miaka kama 13 kesi ikaamuliwa kwa upande wake. Lakini msomaji anajua kama nijuavyo mimi kwamba lawama hupanda farasi na udhuru huenda kwa miguu.

Mwaka 1959 alisafiri katika meli ya starehe ya tajiri wa Kigiriki, Aristotle Onassis, na ndoa yake na Giovanni Battista Meneghini ikavunjika. Tangu siku hiyo wapiga picha walimvizia kwenye viwanja vya ndege, kwenye milango ya hoteli, na kwenye bandari. Onassis alipomwoa Jacqueline Kennedy mwezi wa Oktoba 1968, walimtafuta Callas ili waupige picha uso wake ukiwa na huzuni. Hizo ndizo picha alizoibiwa. Hakuzitoa, na hazikuhusu kazi yake. Hazikumfundisha mtazamaji kitu ila kwamba mwanamke mashuhuri naye hulia, jambo ambalo mama yeyote wa mtaani angetwambia bila ya gazeti.

Hapa ndipo nioonapo ubora wa kitabu cha Ardoin na Fitzgerald. Uzito wake wameuweka jukwaani. Wameifuata kazi, opera baada ya opera, na wameyasikiliza maneno ya watu waliofanya naye kazi, kama huyo Visconti. Walikitoa mwimbaji akiwa hai, mwaka ule ule wa maonyesho yake ya mwisho, yaliyomalizikia Japani mwezi wa Novemba 1974. Alifariki Paris tarehe 16 Septemba 1977, akiwa na umri wa miaka 53. Kwa hiyo alipata kuona, walau mara moja, amekumbukwa kwa alichokifanya.

Sisi Waislamu jambo hili halitakiwi kuwa geni kwetu. Sura ya Al-Hujurat, aya ya 12, imetukataza dhana mbaya, imetukataza kupelelezana, na imetukataza kusengenyana, tena kwa mfano ambao kila mtoto wa chuoni anaukumbuka kwa kutisha kwake. Mpiga picha aliyejificha nyuma ya gari kungoja mwanamke atoke akilia, kama si mpelelezi ni nani? Na msomaji anayenunua gazeti kwa ajili ya picha ile, kama si msengenyaji ni nani? Wala katazo hilo halikuambatana na dini ya anayesengenywa tu. Ulimi unaozoea kumtafuna Mgiriki wa mbali utamtafuna na jirani.

Hata hivyo sitaki msomaji adhani nakisifu kitabu cha namna hii pasipo kukitia kasoro. Kitabu cha kumtukuza mtu kina hatari yake. Picha haina kosa la sauti. Ukizitazama picha zake za Tosca ya London ya 1964, au za usiku wa tarehe 5 Julai 1965, siku ambayo aliimba opera jukwaani kwa mara ya mwisho, utaona ukali ule ule na mikono ile ile. Huwezi kujua kwa macho kwamba sauti ya juu ilikuwa imekwisha kuanza kutikisika tangu miaka kadhaa nyuma. Na hata katika siku zake bora walikuwapo wapenzi wa opera waliosema sauti yake si tamu, wakimpendelea Renata Tebaldi. Mtu akisoma kitabu cha picha peke yake atatoka na malaika, na malaika hana mafunzo kwa binadamu. Shauri langu ni kwamba picha zitazamwe huku santuri ikizunguka, zile za mwanzo na zile za mwisho. Kusema sauti ya mwimbaji ilipungua si kumsengenya. Hiyo nayo ni habari ya kazi yake, na yeye mwenyewe hakuikimbia. Mwaka 1971 na 1972 alikaa na vijana wa chuo cha muziki cha Juilliard, New York, mbele ya watu, akiwafundisha neno kwa neno yale ambayo koo lake halikuweza tena kuyafanya kama zamani.

Wapo watakaonijibu kwamba maisha na sanaa havitengani. Kwamba Callas aliimba mapenzi na huzuni kwa sababu aliyaonja, na kwa hiyo hatuwezi kuifahamu sauti yake bila ya kuyajua ya chumbani mwake. Siikubali hoja hii. Traviata ya Visconti ilikuwa mwaka 1955, naye hakupanda meli ya Onassis mpaka 1959. Medea, mke aliyeachwa na mumewe akawaua wanawe kwa kisasi, aliiimba Florence mwaka 1953, akiwa mke wa mtu katika nyumba yake. Kama huzuni peke yake ingeleta usanii, mitaa yetu ingejaa waimbaji wakubwa, kwa maana huzuni hatukukosa. Callas alilipata lile jambo kwa kuhudhuria darasa, kusoma noti moja moja, na kurudia.

Na mchezo haujaisha. Mwezi wa Oktoba 2023, mwaka wa kutimia miaka 100 tangu azaliwe, lilifunguliwa Athens jumba la makumbusho lenye jina lake, na hilo ni jambo jema. Lakini mwaka uliofuata ilitolewa filamu kubwa iitwayo Maria, ya mwongozaji Pablo Larraín, nayo ilichagua kumwonyesha katika wiki yake ya mwisho, mgonjwa na mpweke katika nyumba ya Paris. Katika maisha yote yale, wiki iliyochaguliwa ni ile aliyojifungia ndani. Mimi nasema tunamdhulumu.

Nikiyatazama hayo, siwezi kuacha kuyafikiri ya kwetu, kwa sababu dhuluma kwa waimbaji wanawake haikuanzia Italia. Siti binti Saad wa Unguja alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, akafariki mwaka 1950. Sauti yake tunayo. Maisha yake tunayo kwa kalamu ya Shaaban Robert, aliyemwandikia wasifu kwa heshima iliyomstahiki. Lakini picha zake zinazojulikana ni chache mno, na za kumwonyesha akiwa kazini, kati ya wapigaji wake, ni haba zaidi. Na baada yake wamepita wangapi Mombasa, Lamu, Malindi na Tanga, walioimba arusini hadi alfajiri, ambao leo tunayakumbuka ya ndoa zao kuliko ya nyimbo zao?

Najua jibu ambalo wengi watalitoa: sisi tuna sitara. Picha ya mwanamke si kitu cha kutandazwa barazani. Nami nakubali, tena kwa moyo mweupe. Lakini sitara ndiyo hasa ninayoitetea. Picha iliyotolewa kwa ridhaa ya mwenyewe, akiwa katika kazi yake, amejistiri apendavyo, haimvunjii sitara. Inayomvunjia ni ile habari inayopita mdomo hadi mdomo, ambayo haihitaji picha wala idhini. Nyumba nyingi za pwani zina sanduku lenye picha za zamani zilizopigwa studio au arusini, na chumvi ya bahari inazila pole pole. Nyuma ya picha hizo hapana jina wala mwaka. Wakifa wanaojua, itabaki sura ya mtu asiye na kazi, na kazi isiyo na mtu.

Basi na tuanze kwa machache. Aliye na picha ya mwimbaji au mpigaji wa zamani aigeuze nyuma aandike: ni nani, wapi, mwaka gani, alikuwa akiimba nini. Aliye hai na aulizwe mwenyewe ipi anaridhia ionekane na ipi ibaki ndani. Aliyekufa waulizwe wanawe. Kisha wapatikane wenye kuzikusanya na kuziandikia maelezo ya kazi, kama Ardoin na Fitzgerald walivyomfanyia Mgiriki yule. Gharama yake ni ndogo kuliko ya karamu moja ya arusi. Tukishindwa na hilo, tusilalamike siku wajukuu zetu watakapotuuliza habari za bibi zao walioimba, nasi tukawa hatuna la kuwapa isipokuwa yale tuliyoyasikia dirishani.